Kalibu Haisahau: Sayansi ya Kutengeneza Sehemu za Kifaru cha Mfano

Saa za alasiri, baada ya masomo, mtu apitaye katika mitaa ya Mbeya au Iringa hakosi kumwona mtoto akiendesha gari alilolitengeneza mwenyewe. Bodi yake ni ya waya au ya kopo la mafuta, magurudumu ni vifuniko au vipande vya kandambili vilivyokatwa kwa wembe, na usukani ni ufito mrefu unaomfika mikononi. Gari hilo lina madaha mengi, lakini mara nyingi lina kasoro moja: halitaki kwenda sawasawa. Huvuta upande mmoja. Mtoto hulinyoosha, hulipinda, hata huilaumu barabara. Kumbe kosa haliko barabarani. Magurudumu yake manne hayalingani. Kila moja lilikatwa peke yake, na mkono wa binadamu, hata uwe na ustadi wa namna gani, hauwezi kukata duara lile lile mara nne.

Kasoro hiyo ndogo ndiyo mlango wa makala hii. Ikiwa magurudumu manne yanatushinda kuyalinganisha, tutafanyaje tutakapohitaji vitu 180 vilivyo sawa kabisa? Swali hili si la kubuni tu. Katika Ulaya na Marekani wako watu wazima ambao burudani yao ni kuunda vifaru vya mfano, si vile vidogo vya kuweka mezani, bali vikubwa vyenye urefu wa meta moja hivi, vinavyotembea kwa mota na kuongozwa kwa redio. Kazi yao ina mafunzo mengi ya fizikia, kemia na hisabati, na mafunzo hayo yanaweza kufanyiwa majaribio katika shule yoyote ya sekondari ya Nyanda za Juu za Kusini kwa kutumia mbao, udongo na nta.

Kipimo cha moja kwa sita

Tuchukue kifaru ambacho jina lake linahusiana na historia yetu. Kifaru cha Type 59 kiliundwa China kwa kufuata kifaru cha Kirusi cha T-54, na vifaru vya aina hiyo vilitumiwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Bodi yake ina urefu wa meta 6 hivi, na uzito wake ni karibu tani 36. Hutembea juu ya minyororo miwili ya chuma, na kila mnyororo una pingili 90. Kutoka pini ya pingili moja hadi pini ya pingili ifuatayo ni milimita 137, na upana wa pingili ni milimita 580.

Tukikiunda kifaru hicho kwa kipimo cha moja kwa sita, bodi itakuwa na urefu wa meta moja. Pingili itakuwa na hatua ya milimita 22.8 kutoka pini hadi pini, na upana wa milimita 97 hivi. Je, uzito nao utagawanywa kwa sita? La. Urefu hugawanywa kwa 6, eneo hugawanywa kwa 6 × 6, yaani 36, na ujazo hugawanywa kwa 6 × 6 × 6, yaani 216. Kwa hiyo, kama kila sehemu ingetengenezwa kwa chuma kile kile, kifaru cha mfano kingekuwa na uzito wa kilo 36,000 gawanya kwa 216, yaani kilo 167 hivi. Hapo ndipo mwanafunzi anapoona kwa nini waundaji hutumia alumini, mbao na resini badala ya chuma kizito, na kwa nini mfano mdogo haukandamizi ardhi kama kifaru chenyewe. Uzito umegawanywa kwa 216, eneo la mnyororo linalogusa ardhi limegawanywa kwa 36 tu. Basi mgandamizo umebaki moja ya sita ya ule wa awali.

Lakini idadi ya pingili haikugawanywa kwa chochote. Ni zile zile 90 kila upande, jumla 180. Mtu akizichonga moja moja kwa tupa, hata akimaliza moja kila saa, atahitaji saa 180, na mwishoni atakuwa na pingili 180 zenye tofauti 180. Dawa ya jambo hili ni kalibu.

Kalibu katika maisha yetu

Kalibu ni umbo lililo tupu ambalo hujazwa kitu chepesi kumiminika au laini, na kitu hicho kinapoganda au kukauka hubaki na sura ya utupu ule. Fundi wa matofali anayefanya kazi kando ya mto ana kalibu ya mbao. Kabla ya kuijaza udongo huilowesha kwa maji au kuinyunyizia mchanga ili tofali lisinate. Waundaji wa vifaru vya mfano hufanya hivyo hivyo kwa sabuni, nta au mafuta maalumu. Fundi huyo anajua pia kwamba tofali bichi ni kubwa kuliko tofali lililokauka na kuchomwa. Kwa hiyo kalibu yake ni kubwa kidogo kuliko tofali analolitaka. Tutaona kwamba hiyo ni nusu nzima ya elimu ya kalibu.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita Mbeya, inatupa mfano mwingine. Reli zake zimelazwa juu ya mataruma ya zege yaliyomiminwa katika kalibu. Umbali kati ya reli mbili ni milimita 1,067, nao lazima uwe huo huo kutoka taruma moja hadi jingine. Kalibu iliyopotoka ingetoa taruma lililopotoka, na baada yake jingine, na jingine, bila kuchoka.

Si kila umbo jema huhitaji kalibu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, pwani ya Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu vyembamba na vya duara kwa mikono, na vyungu hivyo huuzwa katika soko la Matema na kwingineko. Chungu kimoja si pacha wa kingine, wala hakuna sababu ya kuwa pacha, kwani kila chungu kinafanya kazi peke yake. Pingili ya mnyororo haifanyi kazi peke yake. Thamani yake yote imo katika kulingana na wenzake.

Kwa nini wahunzi wa zamani hawakutumia kalibu?

Msomaji wa Nyanda za Juu za Kusini anaweza kuuliza: wahunzi wa Unyiha na Ufipa walifua chuma kwa karne nyingi, mbona majembe yao yaligongwa kwa nyundo, hayakumiminwa katika kalibu? Jibu limo katika halijoto. Tanuri zao ndefu za udongo, zinazoitwa malungu, zilikuwa na moto wa kutosha kuondoa oksijeni katika mawe ya chuma na kuyeyusha takataka zake, lakini chuma chenyewe hakikuyeyuka. Chuma safi huyeyuka kwa nyuzi 1,538 za Sentigredi. Kilichotoka tanurini kilikuwa bonge lenye matundu kama sifongo, ambalo lilisafishwa tena katika tanuri dogo na kufuliwa likiwa jekundu. Kitu kisichomiminika hakiwezi kuingia katika kalibu.

Chuma kikichanganyika na kaboni ya asilimia 4 hivi, huyeyuka kwa nyuzi 1,150 tu, na hicho ndicho chuma cha kusubu. Neno kusubu lina maana ya kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu. Alumini huyeyuka kwa urahisi zaidi, kwa nyuzi 660, na ndiyo sababu karakana ndogo zinaweza kusubu sufuria na vipuri kutokana na pistoni kuukuu na vyombo vilivyotoboka.

Na kifaru chenyewe kilichoigwa kilitoka katika kalibu vilevile. Kuba la Type 59, lile lenye mzinga na kuzunguka, ni la feleji iliyosubiwa. Kifaru cha Kimarekani cha Sherman cha namna ya M4A1, kilichotumika katika Vita Kuu ya Pili, kilikuwa na sehemu yote ya juu ya bodi iliyosubiwa. Mabega yake ya mviringo yanamshuhudia mtazamaji kwamba yalitoka katika kalibu ya mchanga. Kwa hiyo anayesubu kuba la mfano hafuati sura ya kifaru peke yake. Anafuata pia njia iliyokizaa.

Kiolezo na rula ya fundi

Kabla ya kalibu kuna kiolezo, yaani kile kitu cha kwanza ambacho kalibu hupigwa kwa kukizunguka. Kiolezo cha pingili kinaweza kuchongwa kwa mbao laini kama paina, ambayo hupandwa kwa wingi Sao Hill, Mufindi. Mbao hunywa unyevu na kuvimba. Hivyo kiolezo hupigwa msasa hadi kiwe laini, kisha hupakwa vanishi mara kadhaa.

Sasa tufikie kiini cha jambo. Vitu vingi hunywea vinapoganda na kupoa. Alumini iliyomiminwa katika mchanga hunywea karibu asilimia 1.3 ya urefu wake. Chuma cha kusubu, karibu asilimia 1. Feleji, karibu asilimia 2. Asilimia moja na kitu yaonekana haina maana. Tuipime.

Mwanafunzi mmoja, tuseme wa Iringa, anachonga kiolezo chenye hatua ya milimita 22.8 barabara, na kusubu pingili 90 za alumini. Kila pingili imenywea asilimia 1.3, yaani milimita 0.3. Akiishika moja mkononi na kuiweka kando ya kiolezo, macho yake hayataona tofauti yoyote. Lakini 0.3 mara 90 ni milimita 27. Mnyororo umepungua kwa zaidi ya pingili nzima, wala hautafunga.

Mwenzake atamshauri aongeze pingili ya 91. Ushauri huo unavutia, lakini ni wa hatari. Urefu utatosha, ila meno ya gurudumu la kuendeshea yamepangwa kwa hatua ya milimita 22.8, nazo pingili zina 22.5. Jino la kwanza litaingia, la pili litaingia kwa shida, na punde pingili zitapanda juu ya meno na mnyororo utachomoka. Hapa kuna somo ambalo linapita mipaka ya mchezo: kosa la kipimo halitibiwi kwa kuongeza idadi.

Tiba yake iko mwanzoni. Kiolezo huchongwa kikubwa kwa kiasi kile kitakachopotea. Tunagawanya 22.83 kwa 0.987, tunapata 23.13. Mafundi wa kusubu wamerahisisha hesabu hii kwa kutumia rula maalumu ambayo kila kipimo chake kimerefushwa tangu kiwandani. Rula ya alumini iliyoandikwa meta moja ina urefu wa kweli wa milimita 1,013. Fundi huisoma kama rula ya kawaida, na hesabu ya kunywea hujifanya yenyewe. Mwalimu anaweza kuwaambia wanafunzi watengeneze rula ya namna hiyo kwa ukanda wa manila. Ni zoezi zuri la uwiano.

Kalibu, basi, haina akili ya kusamehe. Haitambui lililokusudiwa, inatambua lililowekwa ndani yake. Ukucha ukikwaruza kiolezo, mkwaruzo huo utaonekana katika pingili zote 180. Ndiyo maana mafundi hutumia siku nyingi kwa kiolezo na dakika chache kwa kumimina.

Kuingia si kazi, kazi ni kutoka

Jambo la pili ambalo mwanafunzi hulisahau ni kwamba kila kinachoingia katika kalibu lazima kitoke. Ndoo hutoka katika ndoo nyingine kwa urahisi kwa sababu mdomo wake ni mpana kuliko kitako. Kama kuta zake zingesimama wima kabisa, zingekwaruzana njia nzima. Na kama mdomo ungekuwa mwembamba kama wa mtungi, isingetoka kamwe. Kwa sababu hiyo kuta za kiolezo hupewa mwinamo wa nyuzi moja hadi tatu, na kalibu hukatwa vipande viwili penye upana mkubwa kuliko wote. Vipande hivyo huwekewa vinundu na vishimo vya kushikana, ili kila vinapofungwa virudi mahali pale pale.

Matundu ya pini katika pingili hupatikana kwa kuweka kiini, yaani kijiti au waya ulionyooka unaokaa ndani ya kalibu wakati wa kumimina na kuchomolewa baadaye. Kalibu huhitaji pia mlizamu wa kuingizia majimaji, na vijitundu vya kutolea hewa. Hewa isipopata njia hubaki ndani kama povu, na pingili hutoka na shimo. Aidha, juu ya sehemu nene huachwa hodhi ndogo ya akiba. Sehemu nyembamba huganda kwanza, nene huganda mwisho, na inaponywea huvuta majimaji kutoka katika akiba hiyo. Bila akiba, utupu hutokea katikati ya unene, mahali ambapo jicho halifiki.

Kuhusu vitu vya kutengenezea kalibu, kila kimoja kina kazi yake. Mchanga uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi kidogo na maji kidogo hustahimili alumini ya moto. Hutumika mara moja na kuvunjwa, lakini mchanga wenyewe hutumika tena. Plasta ya Paris hutoa umbo lenye uso laini. Mpira wa silikoni, ambao waundaji wa siku hizi wanaupenda, huvutika na kurudi, hivyo hata umbo lenye vishimo vya pembeni huchomoka bila kuvunjika. Ndani yake humiminwa resini ya epoksi, poliesta au poliyurethani. Vifaru vidogo vya plastiki vinavyouzwa madukani katika maboksi hutokana na kalibu za chuma ambamo plastiki ya polistirini iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu kubwa.

Jaribio la darasani

Jaribio lifuatalo halihitaji kuyeyusha madini. Yahitajika: kiolezo cha pingili cha mbao kilichopakwa vanishi, udongo wa mfinyanzi, boksi dogo, plasta ya Paris, sabuni, na nta ya nyuki au ya mishumaa.

Kwanza, zika kiolezo nusu yake katika udongo ndani ya boksi. Bonyeza vishimo viwili au vitatu katika udongo kando ya kiolezo. Paka sabuni nzito. Pili, koroga plasta na maji kwa kiasi cha sehemu 10 za plasta kwa sehemu 7 za maji kwa uzito. Tia plasta katika maji, wala si maji katika plasta, na ukoroge polepole ili usiingize hewa. Mimina na uache nusu saa au zaidi. Wanafunzi waguse nje ya boksi: litakuwa na uvuguvugu. Plasta ya Paris ni jasi iliyopashwa moto hadi ikapoteza robo tatu ya maji yake ya fuwele. Inapopewa maji huyarudisha, hugeuka kuwa jasi tena, na hutoa joto. Fuwele zake ndogo husukumana kidogo, na ndiyo sababu plasta huzijaza hata alama nyembamba za kiolezo.

Tatu, geuza boksi, ondoa udongo, acha kiolezo mahali pake, paka sabuni juu ya plasta yote iliyoonekana, kisha mimina nusu ya pili. Ikisha kuganda, tenganisha nusu hizo, toa kiolezo, na uchonge mlizamu na tundu la hewa. Nne, loweka kalibu katika maji, ipanguse, ifunge kwa kamba, na umimine nta iliyoyeyushwa katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto. Plasta iliyolowa haishikani na nta.

Tengeneza pingili kumi kwa namna hiyo. Sasa zipange mstari mmoja zikigusana, upime urefu wa zote, na ugawanye kwa kumi. Kwa nini tusipime moja? Kwa sababu rula ya darasani haionyeshi vizuri chini ya nusu milimita, na kosa hilo likigawanywa kwa kumi hubaki moja ya ishirini ya milimita. Linganisha jibu na kiolezo, tafuta asilimia ya kunywea, kisha chonga kiolezo cha pili kilichosahihishwa. Darasa litakalofika hatua ya kiolezo cha pili litakuwa limefanya kazi ya uhandisi kamili: kutengeneza, kupima, kusahihisha, kutengeneza tena.

Baridi ya Nyanda za Juu

Mbeya na Iringa ziko zaidi ya meta 1,500 juu ya bahari, na jambo hili huathiri kazi kwa njia mbili. Ya kwanza, maji hayachemki kwa nyuzi 100 bali kwa nyuzi 95 hivi, kwa sababu kani ya hewa ni ndogo. Kwa nta ya nyuki hilo si tatizo, kwani huyeyuka kwa nyuzi 63 hivi.

Ya pili ni baridi ya Juni na Julai. Maelekezo yaliyoandikwa juu ya makopo ya resini kwa kawaida hufikiria chumba chenye nyuzi 20 hadi 25. Asubuhi ya Julai huko Mbeya inaweza kuwa na nyuzi chini ya 10. Kanuni ya kukadiria katika kemia husema kwamba halijoto ikishuka nyuzi 10, kasi ya badiliko la kikemia hupungua kwa nusu hivi. Kwa hiyo resini inayoganda kwa saa moja katika chumba cha nyuzi 25 inaweza kuhitaji saa mbili hadi tatu katika baridi hiyo, na isigande sawasawa. Fundi asiyejua huongeza dawa ya kugandisha kupita kiasi, na kipande hutoka kikiwa kimepasuka au kimepinda. Fundi ajuaye husubiri jua la adhuhuri, au hupasha chumba joto.

Tahadhari

Kazi hii imeumiza watu wengi ambao hawakukosa ustadi bali walikosa habari. Basi mwalimu ayatie mkazo mambo manne.

La kwanza ni maji. Kalibu ya plasta iliyolowa inafaa kwa nta, lakini ni mtego kwa madini yaliyoyeyuka. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutanuka na kuwa lita 1,700 hivi. Matone machache yaliyojificha ndani ya kalibu hurusha alumini ya moto hadi usoni. Kusubu madini si kazi ya darasa la kawaida. Ni kazi ya karakana yenye fundi, miwani, glovu za ngozi na viatu vilivyofunika miguu.

La pili ni risasi. Madini haya huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, hata juu ya jiko la mkaa, na hupatikana katika betri kuukuu za magari. Wepesi huo ndio udanganyifu wake. Moshi na vumbi la risasi huingia mwilini na kuharibu ubongo, hasa wa mtoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mchezo wowote wa kusubu risasi ya betri nyumbani au shuleni na upigwe marufuku.

La tatu ni nta. Isiwekwe moja kwa moja juu ya moto, na ikishika moto isimwagiwe maji, bali ifunikwe kwa kifuniko. La nne ni pumzi. Vumbi la plasta kavu na la mchanga lisivutwe puani, na resini itumike mahali penye hewa inayopita, mikono ikiwa na glovu.

Kutoka mchezo hadi mashine

Huenda mzazi akauliza kama mtoto amepelekwa shule kuchonga minyororo ya vifaru. Tumjibu kwa mfano wa mashine ya kusaga. Puli ya mashine hiyo ikipasuka kijijini, kazi husimama, na akina mama hujitwisha mahindi hadi kijiji cha pili. Fundi wa karibu huombwa asubu puli nyingine. Njia fupi ni kuchukua vipande vya puli kuukuu, kuviunganisha, na kuvikandamiza katika mchanga viwe kiolezo. Puli itakayotoka itakuwa na makosa mawili: ule uchakavu wa puli ya zamani, na upungufu wa asilimia 1.3 juu yake. Tundu lake halitaingia katika ekseli, au mtu atalipanua kwa patasi hadi lilegee, na baada ya majuma machache puli itapasuka tena. Fundi aliyewahi kuona mnyororo wa mfano ukipungua milimita 27 hatafanya hivyo. Atapima ekseli badala ya puli iliyochakaa, ataongeza kiasi cha kunywea, ataacha unene wa kuchongea katika mashine ya kukerezea, ndipo atachonga kiolezo kipya.

Elimu hii ina makao katika mikoa hii. Ifunda, katika Mkoa wa Iringa, imekuwa jina la mafunzo ya ufundi tangu miaka ya 1950. Chuo cha Ufundi Mbeya kilichoanzishwa 1986 kimekua na kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa kwa sheria ya 1973, lina vituo vya kuendeleza teknolojia Mbeya na Iringa, ambako mashine ndogo za kusindika mazao hutengenezwa. Mwanafunzi apatapo nafasi ya kuzuru karakana ya namna hiyo, asitazame moto peke yake. Aombe aonyeshwe rafu ya violezo. Mle ndimo mlimofichwa mawazo ya fundi, yamechongwa katika mbao, makubwa kidogo kuliko vitu vyenyewe.

Na yule mtoto wa gari la waya? Mpe kipande cha udongo, umwonyeshe jinsi ya kubonyeza kifuniko kimoja mara nne, ajaze nta. Kesho gari lake litakwenda sawasawa. Kama bado litavuta upande, basi atakuwa amejifunza kwamba yampasa kukitazama tena kiolezo.

Maswali ya kujipima

1. Puli ya alumini inatakiwa iwe na kipenyo cha milimita 300 baada ya kupoa. Kiolezo kiwe na kipenyo gani, ikiwa alumini hunywea asilimia 1.3?

2. Kifaru cha mfano cha kipimo cha moja kwa nane kingekuwa na uzito gani, kama kifaru chenyewe kina tani 36 na vyote viwili ni vya madini yale yale?

3. Eleza kwa nini kalibu ya plasta hulowekwa kabla ya kumiminiwa nta, lakini lazima ikaushwe kabisa kabla ya kumiminiwa madini.

4. Tafuta katika jiko la nyumbani kwenu vitu vitatu vilivyotoka katika kalibu. Onyesha mstari ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana, na mahali ulipokuwa mlizamu.